Jinsi ya Kumpima Mvamizi wa Kwotabeki Kabla ya Drafti ya NFL

Kila ikifika Januari, msimu wa vyuo Marekani unapoisha na gumzo la drafti (zoezi la timu za NFL, ligi kuu ya futiboli ya Marekani, kuchagua wachezaji wapya kwa zamu, raundi baada ya raundi) kupamba moto, maswali ni yaleyale. Huyu ana saki nyingi, mbona anatajwa raundi ya pili? Yule ana saki sita tu, mbona wanasema atachaguliwa wa kwanza? Mtu wa pembeni na mtu wa katikati wanalinganishwaje? Nimechoka kujibu vipande vipande, kwa hiyo leo naiweka kazi yote mahali pamoja, tangu mwanzo.

Sheria za mchezo sitafundisha. Nachukulia unajua kwamba timu ina majaribio manne ya kusogea yadi 10, na kwamba saki ni kumwangusha kwotabeki, mrusha pasi wa timu, nyuma ya mstari wa kuanzia kabla hajaachia mpira. Mvamizi ni yule mlinzi anayepangwa pembeni ya safu ili amfikie kwotabeki. Kulingana na mfumo wa timu utasikia akiitwa difensivu endi au lainibeka wa nje, lakini kazi ni ileile. Mpinzani wake mkuu ni mzuiaji wa pembeni, jitu la kilo 140 hivi linalorudi kinyumenyume kulinda njia.

Karibu makosa yote ninayoyaona yanaanzia sehemu moja: watu huanza na idadi ya saki, kisha wanatafuta picha za kuithibitisha. Geuza mpangilio huo. Saki zije mwisho.

Utakavyohitaji kabla ya kuanza

- Mechi nne kamili za mchezaji mmoja. Klipu za saki zake hazihesabiki; hizo zimepikwa na watu wanaompenda.
- Stopuwochi. Ya kwenye simu inatosha.
- Daftari, au jedwali kwenye kompyuta kama umezoea.
- Majina ya wazuiaji wa pembeni aliokutana nao katika mechi hizo nne, na kama kuna walioingia NFL.
- Vipimo vya mwili na mbio kutoka Kombaini ya Indianapolis, majaribio ya pamoja ya wachezaji wanaoingia drafti, yanayofanyika mwishoni mwa Februari hadi mwanzo wa Machi, au kutoka siku ya majaribio ya chuo chake. Usivifungue kwanza.
- Bando la kutosha. Kurudisha video nyuma mara tano kwa kila tukio kunakula data kuliko unavyodhani, kwa hiyo ukiweza kupakua, pakua.

Hatua ya 1: Chagua mechi kwa kumwangalia mpinzani

Chukua mbili ngumu, moja ya kawaida, na moja ambayo mchezaji alizimwa kabisa. Hiyo ya mwisho ndiyo wengi huiruka, na ndiyo yenye mafunzo mengi.

Mfano mzuri ni Aidan Hutchinson wa chuo cha Michigan, msimu wa 2021. Novemba aliichana Ohio State kwa saki 3 na Michigan ikashinda 42–27. Mwisho wa Desemba, dhidi ya Georgia kwenye mechi ya Orange Bowl, hakupata saki hata moja na timu yake ikafungwa 34–11. Anayetazama mechi ya kwanza peke yake atasema huyu hazuiliki. Anayetazama ya pili peke yake atasema ni jina tu. Tazama zote mbili na ujiulize: Georgia walifanya nini? Mpira uliondoka mapema? Aliwekewa watu wawili? Au alishindwa uso kwa uso? Timu ya Detroit ilimchukua wa pili katika drafti ya 2022, na msimu wake wa kwanza akapata saki 9.5 (saki ya watu wawili hugawanywa nusu kwa nusu).

Hatua ya 2: Tupa matukio yasiyopima kitu

Mpira wa vyuo umejaa pasi za haraka. Kwotabeki anaachia mpira ndani ya sekunde moja na nusu, na hata mvamizi bora duniani hafiki. Kuna pasi za skrini, ambapo wazuiaji wanamwachia njia makusudi. Kuna pasi za hadaa, zinazoanza kama mpira wa kukimbia, na mvamizi analazimika kusita.

Yafute haya kwenye hesabu yako. Washa stopuwochi mpira unaporushwa nyuma kwa kwotabeki kuanza tukio, na uizime unapotoka mkononi mwa kwotabeki. Chini ya sekunde 2, usimhukumu mvamizi kwa kutofika. Ukimaliza utashangaa: mechi yenye pasi 35 inaweza kukuachia matukio 15 tu ya maana. Hayo 15 ndiyo mtihani wenyewe.

*Onyo:* usimpe alama ya saki iliyokuja baada ya sekunde tano, kwotabeki akizungukazunguka bila wa kumpasia. Hiyo ni kazi ya mabeki wa nyuma. Iandike, lakini pembeni.

Hatua ya 3: Hatua tatu za kwanza

Katika kila tukio lililobaki, tazama miguu pekee. Mpira unapotikisika, je, anaondoka nao, au anaondoka baada ya kuona wenzake wameondoka? Simamisha video pale mguu wake wa tatu unapogusa ardhi. Kama amefika usawa wa bega la mzuiaji na mzuiaji bado hajatulia, hapo kuna kitu. Mzuiaji akianza kugeuza nyonga ili amkimbize, mvamizi ameshashinda nusu ya pambano, hata kama tukio halikuishia na saki.

Chop Robinson wa Penn State ni somo zuri hapa. Mwaka 2023 alikuwa na saki 4 tu, lakini wazuiaji walikuwa wakimwogopa anavyochomoka. Kombaini ikathibitisha: yadi 10 za kwanza kwa sekunde 1.54. Miami walimchukua wa 21 mwaka 2024, na kwenye msimu wake wa kwanza akapata saki 6, nyingi kuliko alizopata chuoni mwaka uliotangulia.

Hatua ya 4: Mikono

Hapa chukua muda wako. Kama una saa mbili tu za kazi yote hii, saa moja iende kwenye mikono.

Pambano la pembeni ni ugomvi wa nani atamshika mwenzake kwanza kifuani. Mzuiaji akishika jezi kwa mikono miwili, wavamizi wengi huishia hapo. Kwa hiyo tazama: mikono ya mvamizi inafika wapi, na inafika lini? Punguza kasi ya video hadi robo. Yule mzuri anapiga viganja vya mzuiaji wakati vinanyooka, sekunde ileile, kisha anapitisha mkono chini ya kwapa au juu ya bega na kupita. Yule mbichi anakimbia mikono ikining'inia kiunoni, anagongana kifua kwa kifua, ndipo anaanza kutafuta pa kushika.

Andika kila mbinu unayoiona kwa jina lako mwenyewe. Majina ya makocha yanatofautiana kila chuo. Mimi natumia haya: *panga* (anakata mikono chini), *kwapa* (anapenya chini), *mkono mmoja* (ananyoosha mmoja kifuani na kumsukuma mzuiaji kwa mbali), *fahali* (mikono yote miwili, anamrudisha nyuma hadi mapajani mwa kwotabeki), *pia* (anajizungusha kwenda ndani).

Mstari mmoja wa daftari langu unaonekana hivi:

*R3, jaribio la 3, yadi 8. Kasimama nje kabisa, miguu miwili. Kachomoka vizuri. Panga imekosa, kashikwa begani, hana la pili. Mpira umetoka 2.7. KASHINDWA.*

R3 ni robo ya tatu, yadi 8 ni zilizobaki kuvuka, na 2.7 ni sekunde. Mstari mfupi, lakini ukiwa nayo hamsini kama hiyo picha inajichora yenyewe. Mara nyingi utagundua mchezaji mwenye saki 10 ana mbinu moja tu anayoirudia, na waliomsoma mapema walimzima.

Hatua ya 5: Kona

Kumpita mzuiaji kwa nje hakutoshi. Kwotabeki yuko ndani, kwa hiyo mvamizi lazima akate kona akiwa kasi, mwili umelala, huku jitu lile linamsukuma ubavuni. Simamisha video anapofika usawa wa kwotabeki. Bega lake la ndani liko chini? Vidole vya miguu vinaelekea kwa kwotabeki, au bado vinaelekea mashabiki? Anayezunguka duara kubwa na kupita nyuma ya kwotabeki yadi tatu amefanya mazoezi ya mbio tu.

Von Miller wa Texas A&M, chaguo la pili la 2011, alikuwa bingwa wa hili. Ukitaka kujizoeza macho, mtafute huyo kwanza, kisha rudi kwa unayempima.

Si kila mvamizi anaweza kulala namna hiyo, na si lazima. Mwenye nguvu anaweza kuishi kwa kumsukuma mtu hadi ndani. Lakini asiyejua kulala na asiye na nguvu, huyo hana mlango wa kuingilia.

Hatua ya 6: Je, ana la pili?

Hesabu matukio ambayo mbinu ya kwanza ilizuiwa, halafu hesabu katika mangapi alijaribu kitu kingine kabla mpira haujatoka. Fupi tu. Chuoni anaweza kuishi bila la pili kwa sababu Jumamosi nyingi anakutana na mzuiaji ambaye baada ya miaka miwili atakuwa anauza bima. NFL kila Jumapili ni mtu anayelipwa mamilioni.

Hatua ya 7: Mpira wa kukimbia

Kidogo tu, lakini usiruke. Mvamizi anayefunguliwa mlango kila mpira unapokimbizwa upande wake atakaa benchi hadi jaribio la tatu. Tazama kama anashika ukingo, na kama anafukuza mpira ukienda upande wa pili. Bidii ya robo ya nne inaonyesha pumzi kuliko tabia. Wachezaji wakubwa huchoka, na baadhi ya timu haziwapumzishi.

Hatua ya 8: Sasa fungua vipimo

Vipimo ni vya kuthibitisha au kukushtua. Ninavyovitazama, kwa mpangilio:

*Yadi 10 za kwanza.* Hizi ni mita 9 hivi. Mbio kamili za yadi 40, karibu mita 36.6, ndizo zinazotangazwa sana, ila mvamizi hakimbii mbali hivyo kumfikia mtu yeyote.

*Koni tatu.* Anakimbia mfano wa herufi L akizunguka koni zilizoachana yadi 5. Hiki ndicho kipimo cha kona. Chini ya sekunde 7 kwa mtu wa kilo 110 na zaidi ni habari njema. Miller alitumia 6.70, Hutchinson 6.73, T.J. Watt 6.79, Maxx Crosby 6.89.

*Urefu wa mikono.* Wengi hupenda inchi 33, yaani sentimita 84 hivi, kwenda juu. Mikono mirefu inafika kifuani kwanza. Travon Walker wa Georgia alikuwa na inchi 35 na nusu, sentimita 90. Ila usimfukuze mtu kwa hili peke yake. Ya Hutchinson ilikuwa karibu sentimita 82, na hakuna anayelia Detroit.

*Kuruka juu na kuruka mbele.* Yanaonyesha mlipuko wa miguu. Myles Garrett, chaguo la kwanza la 2017, aliruka juu inchi 41 akiwa na uzito wa kilo 123. Watu wa namna hiyo hawazaliwi kila mwaka.

*Benchi presi.* Kunyanyua kilo 102 mara nyingi iwezekanavyo. Mimi huwa nasoma na kupita. Vernon Gholston wa Ohio State alinyanyua mara 37 mwaka 2008. Jets wakamchukua wa sita, akacheza nao misimu mitatu, akaondoka bila saki hata moja.

Na upande wa pili: Terrell Suggs wa Arizona State aliweka rekodi ya saki 24 msimu wa 2002, akakimbia yadi 40 polepole, kama sekunde 4.8, watu wakamtilia shaka. Baltimore walimchukua wa 10 mwaka 2003. Alistaafu akiwa na saki 139. Usiharakishe kugeuza hadithi hii kuwa kanuni, maana Jarvis Jones wa Georgia naye alikuwa na saki 14.5 mwaka 2012, akakimbia zaidi ya sekunde 4.9, Pittsburgh wakamchukua wa 17, na NFL akaishia na saki 6 jumla. Tofauti yao utaipata kwenye hatua ya 4 na ya 6, hutaipata kwenye jedwali.

Hatua ya 9: Umri, majeraha, na majirani

*Umri.* Kijana wa miaka 20 anayewasumbua wa miaka 22 ana nafasi ya kukua. Mtu wa miaka 24 anayewasumbua wa miaka 19 huenda ndiyo ameshafika. Tangu msimu wa 2020 usihesabiwe kwenye muda wa kucheza kwa sababu ya Uviko-19, wakongwe waliongezeka vyuoni, kwa hiyo angalia tarehe ya kuzaliwa kabla hujashangilia. Danielle Hunter aliingia drafti ya 2015 akiwa na miaka 20 na saki 1.5 tu za msimu wa mwisho chuoni LSU. Minnesota wakampata raundi ya tatu, chaguo la 88. Mwaka 2018 alipata saki 14.5, na 2019 akapata 14.5 tena.

*Uzoefu.* Ezekiel Ansah kutoka Ghana alianza kucheza mchezo huu mwaka 2010 akiwa chuoni BYU, baada ya kupitia mpira wa kikapu na riadha. Saki 4.5 tu mwaka wa mwisho, Detroit wakamchukua wa tano mwaka 2013. Mtu kama huyo mpime kwa kasi ya kujifunza: linganisha Septemba na Novemba. Mashabiki wa Kenya watamkumbuka Daniel Adongo, aliyetoka kwenye raga na kusajiliwa na Indianapolis mwaka huohuo wa 2013 kama lainibeka wa nje. Mwili wa kazi alikuwa nao. Miaka ya kupigana na mikono ya wazuiaji, ambayo Ansah angalau aliianza chuoni, yeye hakuwahi kuipata.

*Majeraha.* Wewe na mimi hatuna faili la daktari, timu zinalo. Laiatu Latu aliambiwa astaafu kwa sababu ya shingo alipokuwa chuo cha Washington, akahamia chuo cha UCLA, akapata saki 13 mwaka 2023. Machaguo 14 ya mwanzo ya drafti ya 2024 yote yalikuwa wachezaji wa kushambulia. Latu, wa 15, ndiye mlinzi wa kwanza kuitwa. Ukiona mchezaji anateremka kuliko picha zake zinavyostahili, shuku mambo ya hospitali kabla hujawaita makocha wajinga.

*Majirani.* Nani alikuwa kando yake? Clelin Ferrell alicheza Clemson pamoja na Christian Wilkins na Dexter Lawrence, wote wawili wa raundi ya kwanza mwaka 2019 kama yeye. Mzuiaji wa ndani hakuwa na nafasi ya kumsaidia mwenzake wa pembeni, kwa hiyo Ferrell alipigana mmoja kwa mmoja karibu kila mara. Raiders walimchukua wa nne. Raundi ya nne ya drafti hiyohiyo, timu hiyohiyo ikamchukua Maxx Crosby kutoka Eastern Michigan, chaguo la 106. Msimu wa kwanza: Ferrell saki 4.5, Crosby 10.

Hatua ya 10: Fungua saki, kisha andika hukumu

Sasa hesabu. Gawanya matukio aliyoshinda kwa matukio yote uliyoyabakiza hatua ya 2. Weka saki zake pembeni ya hesabu hiyo. Akiwa anashinda mara nyingi lakini saki chache, mara nyingi saki zinakuja baadaye. Akiwa na saki nyingi lakini anashinda mara chache, kaa mbali, au msubiri raundi ya tatu.

Hata tuzo hazifuati saki moja kwa moja. Jared Verse alipewa tuzo ya mlinzi bora chipukizi wa 2024 akiwa na saki 4.5. Presha aliyokuwa akiwawekea makwotabeki kila wiki ndiyo iliyompa.

Andika sentensi tatu: anashinda vipi, anashindwa vipi, na angecheza wapi mwaka wa kwanza. Kisha weka raundi. Andika *kabla* ya kusoma orodha za wataalamu, na uweke tarehe. Drafti yenyewe huanza Alhamisi usiku kwa saa za Marekani, yaani saa tisa usiku wa kuamkia Ijumaa kwetu, na saa hiyo kila mtu atadai alijua.

Ukikwama

*Mambo yanakwenda haraka, sioni kitu.* Usimfuate mwenye mpira. Ziba nusu ya skrini kwa karatasi ubaki na mvamizi na mzuiaji tu. Tukio moja, mara tatu: miguu, mikono, kona.

*Kamera ya televisheni inamkata.* Hutokea sana kwenye pasi ndefu. Subiri marudio ya nyuma ya goli. Yasipokuwepo, andika "sijaona". Usijaze kwa kubahatisha.

*Alikuwa anachezeshwa ndani, si pembeni.* Ndivyo Georgia walivyomtumia Walker mara nyingi, akaondoka na saki 6 mwaka 2021. Tenganisha matukio aliyosimama nje, hata yakiwa 20, umpime kwa hayo. Jacksonville walimchukua wa kwanza 2022. Alianza na saki 3.5, kisha 10 mwaka uliofuata.

*Alikuwa lainibeka wa kati na havamii mara nyingi.* Micah Parsons wa Penn State alikuwa hivyo, tena hakucheza kabisa msimu wa 2020. Dallas walimpata wa 12 mwaka 2021, akapata saki 13 mara moja. Kusanya kila tukio alilotumwa kwa kwotabeki kutoka mechi zote, si nne tu.

*Macho yanasema hivi, vipimo vinasema vile.* Rudi kwenye mechi mbili usizozitazama. Kama macho bado yanasimama palepale, mimi hufuata macho, ila nashusha raundi moja.

*Wawili wamelingana kabisa.* Chukua mdogo kwa umri. Wakilingana na umri, chukua mwenye mikono bora.